Nilivyowalisha Wageni Atomu ya Mdogo Wangu

Haya sijawahi kuyasimulia kwa hiari, ila kwa kuwa Lupaso nzima wanayajua na watoto wa jirani bado wananiita Mama Atomu, acheni niyaseme mwenyewe kabla hamjayasikia yakiwa yametiwa chumvi.

Tangu wazazi watutoke, mimi ndiye baba na ndiye mama wa mdogo wangu Zuhura. Niliacha shule kidato cha kwanza ili yeye asiache, na mwaka wa kisa hiki alikuwa kidato cha pili, akiwania nafasi moja tu ya kuiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi Newala. Alitengeneza atomu ya kaboni kwenye ungo wetu: katikati alibandika kwa uji wa muhogo korosho sita na njugu mawe sita, halafu mbali huko, kwenye duara mbili za uzi, mbaazi sita. Basi. Asubuhi ya mashindano akawahi shule kufagia ukumbi, akaniachia ungo nimpelekee.

"Dada, usiguse kitu," akasema.

Nikagusa. (Mnishangae tu, hata mimi najishangaa.) Niliutazama ule ungo nikaona ni mtupu, kirundo kidogo katikati na mbaazi pembeni kama zimesahauliwa, na kwetu ungo mtupu haupelekwi mbele za watu, watasema yatima hawa hawana hata cha kujazia, kwa hiyo nikachukua korosho nilizokaanga za kuuza nikamwaga mpaka ukajaa, nikaufunika kwa kanga, nikajitwisha.

Nilifika nimechelewa. Mwanafunzi wa mlangoni akaniambia peleka pale mbele, na mbele kulikuwa na meza ya wageni, basi nikapiga magoti nikauweka hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama," akajibu mgeni rasmi, mwalimu mstaafu aliyekuja kuchagua mshindi, akafunua kanga. Ungo uliofunikwa ukiwekwa mbele ya mgeni, maana yake karibu ule. Akala. Akawasogezea wenzake, nami nimekaa nyuma natabasamu (najiona nimeipa heshima familia yetu).

Alipoitwa, Zuhura aliutafuta ungo wake kwa macho mpaka akauona. Zile korosho zangu zilikuwa zimekwisha, na mgeni rasmi alikuwa anabandua kitu kwa ukucha.

"Hizi za chini zimegoma," akamwambia mwalimu wa kemia. "Mmezikaangia nini?"

"Mzee," Zuhura akasema taratibu, "hiyo ni protoni."

Mzee akairudisha haraka kwenye ungo. Jirani yake alikuwa ameshika shavu, kumbe kang'ata njugu mawe, yaani nutroni. Nilitaka kusimama niseme kosa ni langu, ila ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko, nikajifunika uso kwa kanga yangu.

Zuhura hakulia. Alieleza atomu yake kwa protoni mbili zilizobaki na chaki, akaeleza vizuri, lakini nafasi ya Newala alipewa binti aliyetengeneza kengele ya betri.

Tulirudi pamoja mpaka kwenye mikorosho.

"Dada, pale palikuwa patupu makusudi," akasema. "Atomu karibu yote ni utupu."

"Hata ya jiwe?"

"Hata ya jiwe. Hata zako wewe."

Nilisimama katikati ya njia nikajishika mikono, nikajibonyeza, sikuamini. Mtu mzima na kanga zangu, kumbe niko hivyo.

Tangu siku ile nimeapa: cha Zuhura nakibeba kama alivyokiacha, kikiwa kitupu nakibeba kitupu, na anayetaka kunicheka njiani anicheke.