Mstari wa Mikoma Mitatu

Nilifika Garsen juu ya lori la mbuzi. Nilipandia Bangale, ambako nilikuwa nimeuza dukani kwa mtu miaka miwili, na safari ikala siku tatu kwa sababu mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Mara mbili tulishuka kusukuma. Mbuzi wawili walikufa, dereva akawatupa kando. Nilikuwa na begi moja, cheti changu cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na habari ya msafiri mmoja kwamba upande wa kijiji cha Wema kulikuwa na shule inayotafuta mwalimu. Nilikuwa nimeshahama sana, na kila mahali nilipotoka nilipakumbuka kuliko nilivyopapenda nikiwa pale. Niliwaza kwamba pengine hapa nitatulia.

Mwalimu Mkuu alikuwa Mpokomo mnene, mpole, mwenye desturi ya kufuta miwani kwa tai. Alisoma cheti changu akiwa amesimama.

"Wewe Mgiriama?"

"Ndiyo, mwalimu, ingawa nimekulia huku na huko."

"Vizuri. Nikiajiri wa kwetu, wafugaji watasema. Nikiajiri wa kwao, wakulima watasema. Wewe watakusema wote kwa pamoja, na hiyo angalau ni haki." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Gredi ya Tatu ina watoto thelathini na wanne. Kumi na mmoja ni wa wafugaji, Waorma. Kazi yako ni moja: hao kumi na mmoja wasiondoke. Mengine ni chaki."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na kamati ya shule bila kusomea ualimu. Nyinyi mnaotoka vyuoni mnajua kazi kabla ya kuianza. Sisi tulijifunzia mbele ya watoto. Mwalimu Mwandamizi alinionyesha namna ya kuandika maazimio ya kazi, ambayo ni mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote shuleni. Nilitaka siku moja Mwalimu Mkuu aniandikie barua ya kunipeleka chuoni.

Siku ya kwanza darasani nilikuta wakulima wamekaa upande wa madirisha na wafugaji upande wa mlango, kana kwamba kuna mto katikati. Niliwachanganya. Hawa, binti wa Kiorma mrefu kuliko wenzake, nikamkalisha na Esta, ambaye baba yake alilima migomba kando ya mto.

"Anakula samaki wa matope huyu," Hawa akasema.

"Na yeye ananuka maziwa," Esta akajibu. "Mwalimu, nusa."

Nilinusa. Nikasema nasikia harufu ya watu wawili wasiofanya hesabu zao.

Shida yetu kubwa ilikuwa vitabu vya ziada, vile ambavyo mtoto husoma kwa kujifurahisha. Kabati ilikuwa navyo kumi na saba. Kimoja kilihusu mtoto anayepanda lifti. Kingine kilikuwa na picha ya mfugaji aliyejifunika shuka jekundu. Hawa alikitazama sana.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni mfugaji, kama baba yako."

"Si kama baba." Akakifunga, na hakukifungua tena.

Hapo nikaanza kazi ambayo bado naiota. Niliwatuma watoto wote waniletee hadithi za nyumbani. Wapokomo walileta za mamba na kiboko, Waorma za fisi na ng'ombe, na Wagiriama wawili tuliokuwa nao wakaleta za sungura. Niliziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi, watoto wakachora, nikazishona kwa uzi wa gunia. Kanuni yangu ilikuwa moja: kila mtoto asome kwanza hadithi ya upande mwingine, na aende nayo nyumbani. Mwalimu Mkuu akaongeza ya kwake. "Kitabu kisicho na muhuri hakirudi," alisema, akagonga muhuri wa shule kwenye kila jalada.

Afisa wa mtaala, ambaye hukagua ufundishaji katika shule za kata, alipita akavipenda. Lakini alinikosoa kidogo. "Hadithi isiyo na mahali haimwingii mtoto. Weka mti wanaoupita kila asubuhi." Usiku huohuo nilivipitia vyote na kuongeza mahali.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilitoka kwa nyanya yake Hawa. Ukame ulipowaua ng'ombe, mmoja mwenye paji jeupe alitangulia mbele ya kundi, akapasua kichaka kwa pembe mpaka akaufikia mto. Njia yake watu wakaiita malka. Malka ndiyo njia ambayo mifugo huteremkia kunywa, na kila moja ina wenyewe. Bibi huyo alikuwa amesema tu kwamba ng'ombe alipiga magoti mtoni akanywa. Mimi nikaandika: *Akapiga magoti penye mikoma mitatu, chini ya shule, akanywa.* Watoto waliiona mikoma ile, miti ya jamii ya minazi, kila siku kupitia dirishani. Esta alikisoma kijitabu mpaka akakikariri, na wakati wa mapumziko yeye na Hawa waliigiza, Esta akiwa ng'ombe. Kwa mihula minne hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na mmoja aliyekosa shule, ila kwa homa.

Kisha mvua zikakatika. Ng'ombe waliteremka mtoni kwa wingi kuliko kawaida, na penye mikoma mitatu wakakuta ua wa miiba. Baba yake Esta alikuwa amepanda migomba pale mwaka uliopita.

Chifu aliita baraza. Nilikwenda pamoja na Mwalimu Mkuu, tukakaa nyuma. Mzee mmoja wa Kiorma alisimama, akatoa kitu kanzuni, akampa Chifu. Nilikitambua kwa uzi wa gunia kabla sijaona kingine.

Chifu alisoma kwa sauti, polepole, mpaka kwenye mikoma. Akakigeuza akatazama jalada. "Huu ni muhuri wa shule," alisema. "Huu ni muhuri wa serikali."

"Hiyo ni hadithi ya watoto!" baba yake Esta akapiga kelele.

"Na watoto wako ndio wanaoisoma," mzee akamjibu. "Binti yako anaijua kwa moyo. Mwite aseme."

Chifu akanitafuta kwa macho. "Mwalimu, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, Chifu."

"Bibi aliyekusimulia alisema malka ilikuwa hapo?"

Mwalimu Mkuu alinishika mkono chini ya benchi. "Sema hukumbuki," alininong'oneza.

Nilikumbuka vizuri. Nilidhani ukweli ndio kitu pekee ambacho mgeni anaweza kuwapa watu wote sawasawa. Nikasema, "Hapana. Bibi alisema mtoni tu. Mikoma niliiongeza mimi."

Waorma waliguna kwa pamoja. "Wamekulisha ndizi ngapi, mwalimu?" mmoja akauliza, na watu wa upande ule wakacheka kicheko kisicho na furaha. Chifu akasema kwamba kwa maneno ya mwalimu mwenyewe, hakuna ushahidi wa malka pale. Ua ukabaki.

Kesho yake niliita majina. Waliitika ishirini na watatu.

Jumamosi nilitembea mpaka kwa kina Hawa kuwaomba watoto warudi. Wanaume walikataa kuzungumza nami. Bibi peke yake alinikaribisha, akanipa maziwa, akanitazama nikinywa.

"Mwalimu, wewe hapana ongeza kitu," alisema. "Mikoma ile, malka ndiyo hapo. Mimi nasema mto tu, kwa sababu watu yote inajua mto ni wapi."

Niliweka kikombe chini, nikasimama. Hawa alisimama mlangoni, akaangalia pembeni.

Nilirudi mbio kwa Mwalimu Mkuu, nikamwambia nitakwenda kwa Chifu asubuhi. Alifuta miwani kwa tai. "Useme nini? Kwamba uliloongeza lilikuwapo tayari? Nenda." Nilikwenda. Chifu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimelala vizuri.

Wiki iliyofuata baba yake Hawa alikatwa panga mkononi akijaribu kuufungua ua. Baada ya siku nne migomba yote ya baba yake Esta ililishwa ng'ombe mpaka mashinani. Ndipo kina Hawa wakapakia nyumba zao, wakaenda na mifugo upande wa kaskazini. Sikuwahi kusikia kwamba yeyote kati ya wale kumi na mmoja aliingia shule nyingine. Nimeuliza.

Barua ya chuo Mwalimu Mkuu aliniandikia, na ilikuwa nzuri. Bado ninayo ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti. Nyinyi mnaoanza, kusanyeni hadithi za watoto wenu wote, msiache. Lakini kabla hamjaandika neno, ketini na aliyeisimulia mmuulize alichokiacha bila kukisema, na kwa nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kupendeza.

Siku niliyoondoka kabisa, vijitabu vilikuwa vimeshachomwa kwa amri ya kamati. Nilikuwa nikifunga begi Esta alipokuja na daftari lake. Alikuwa amenakili hadithi ya ng'ombe kwa kalamu ya risasi, yote, pamoja na picha.

"Mwalimu, huu mstari wa mikoma, niuache ama niufute?"

"Uache. Ni kweli."

"Uliwaambia ni uongo."

"Nilikosea, Esta. Ni kweli."

Alilitazama daftari, kisha akatazama upande wa mto, ambako baba yake alikuwa akichomeka miiba mipya ya ua kwenye udongo.

"Baba naye anasoma madaftari yangu," alisema.

Akachukua raba mfukoni, akaufuta, akapuliza vumbi lake, akanipa mkono wa kwaheri.