Lori Lililochaguliwa Lishindwe

Barua ya kupinga sheria ya moshi niliiandika mimi, ndani ya saa moja, nimekaa Kasese kwenye uwanja wa Hajji, katikati ya magari yaliyotumika yanayongoja wanunuzi. Hajji alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wasafirishaji, na magari hayo yalikuwa yake. Wakati ule sikujiuliza kama mambo hayo mawili yanahusiana.

Sheria ilitaka kila gari la mizigo lipimwe moshi mjini Kasese. Likizidi kiwango, lisibebe kitu hadi litengenezwe na kupimwa upya. Hajji alinitajia hoja zake nami nikazipamba: magari yetu hayawezi kufikia kiwango hicho, bei za bidhaa zitapanda, madereva watakosa kazi. Chuo kikuu nilikuwa nimesoma jinsi makampuni makubwa ya magari huko nje yalivyopinga kila kiwango kipya kwa hoja hizohizo, kisha yakatengeneza magari yanayokitimiza na kuyatangaza kwa fahari. Darasani niliyacheka. Kwa Hajji nikaandika "haiwezekani" bila wasiwasi wowote.

Swali lilinijia mkutanoni, uwanjani palepale, nilipokwisha kuwasomea wanachama barua yenyewe.

"Lakini nani amepima?"

"Musomi ameanza!" mtu akasema, wakacheka.

Hajji hakucheka. "Swali nzuri. Tupeleke gari moja, tena ile inatunzwa vizuri. Ikianguka, karatasi yake tunaiweka pamoja na barua. Nani atabisha?" Akamgeukia baba yangu mdogo. "Muzee, lori yako. Kila mutu anajua unaiosha kuliko watoto."

"Mbona si moja ya zako, Hajji? Zimejaa hapa," baba mdogo akauliza.

"Zangu hazijapata namba, weye. Haziko barabarani."

Mwishowe akakubali. Angekataaje, amesifiwa mbele ya watu? Lakini lori lile dogo ndilo pekee alilokuwa nalo. Lilibeba mawese kutoka mpaka wa Kongo hadi Kasese, na nyumba mbili zililitegemea, yetu ikiwemo. Likishindwa, chama kingepata ushahidi, naye angebaki na lori lililosimama. Na aliyeuliza nani amepima ni mimi.

Siku moja kabla ya kipimo aliniambia nipande, tunaenda kwa fundi.

"Usimwambie Hajji."

"Kwani amekukataza kutengeneza?"

"Hajakataza. Lakini wote wanangoja ianguke."

Fundi alikuwa Mkongo kutoka Butembo, mwenye gereji upande wa Bwera karibu na mpaka. Aliwasha injini, akaisikiliza, akazima. Akachomoa filta ya hewa na kuigonga chini. Vumbi lililotoka lingetosha kukandika ukuta.

"Papa, motere iko nzima. Iko inakosa pumuzi tu. Hii uliiweka lini?"

Baba mdogo akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa naosha inje."

"Inje iko muzuri. Inje hata mimi ningeoa."

Alitia filta mpya, akafungua nozeli za dizeli na kuzisafisha mchana kutwa. Mimi sikuamini. Nilimuuliza mara tatu kama kweli shida yote ni uchafu, mpaka akasema nauliza kama afande wa barabarani.

Kesho yake tulifika Kasese nikiwa na shuku zangu zote. Mkaguzi atataka kitu kidogo. Mashine ni mbovu. Matokeo yameshaandikwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilipomuuliza mashine ilihakikiwa lini, alinionyesha karatasi yake bila kununa, akaingiza kipimo kwenye bomba la moshi.

"Kanyaga mpaka mwisho. Achia. Tena."

Dirishani niliona midomo ya baba mdogo ikisoma dua. Moshi wa kwanza ulitoka mweusi. Wa pili ulikuwa wa kijivu. Wa tatu nilihitaji kuinama ili niuone. Mashine ikatema karatasi.

"Imepita. Si kwa sana, lakini imepita."

Baba mdogo hakuondoa mguu. "Afande, tafazali, pima tena."

"Mimi si afande. Imepita, mzee. Toa gari, wengine wanangoja."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kifua kimenifunguka. Kisha Hajji akapiga simu.

"Imeanguka?"

"Imepita, Hajji."

"Sasa barua itakuwaje?"

Nilimwambia ile siwezi kuipeleka. Nitaandika nyingine: tuombe muda, na mashine moja iletwe Bwera, maana kwa walio mpakani kwenda Kasese kupimwa kunakula siku nzima. Hayo ni kweli, na tunaweza kuyasimamia. Akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mkutanoni, "Na zangu? Zitapita?"

"Sijui, Hajji. Tuzipime."

Sikusikia vizuri alichojibu. Baba mdogo alikuwa ameshapata mwenye duka anayepeleka sabuni na sukari Bwera, tayari wanapakia, naye alikuwa akinipigia kelele nikate simu, nije nishike gunia upande wa pili.