Rota Mfukoni

Ulimboka alikuwa na mkono mwepesi kuliko ulimi, na ulimi wake wenyewe haukuwa mzito, basi mtu apime mwenyewe. Alizaliwa Tukuyu kwenye migomba na mvua, akalelewa kwa mpini wa jembe, maana baba yake hakujua njia nyingine ya kuongea na watoto. Akiwa na miaka kumi na sita alitoroka. Alipopata nguvu za mtu mzima naye akaanza kuwagawia watu kile alichogawiwa. Iringa alimvunja taya utingo mmoja kwa sababu ya kiti. Dodoma, mwaka 1986, alimpiga mkewe Elieth, na kesho yake Elieth akapanda treni akiwa amelifunga jino lake mwenyewe kwenye pindo la khanga. Hakurudi tena. Mimi simtetei Ulimboka. Nasema tu jinsi alivyokuwa.

Kitu kimoja duniani hakukiinulia mkono, nacho ni Landrova ya Idara ya Mifugo. Alikabidhiwa mwaka 1978 ikiwa na karatasi za kiwandani kwenye viti. Kwa miaka kumi na mitatu aliisukuma kwenye mchanga wa mito mikavu, akaivusha matope ya masika, akaiongelesha kwa Kinyakyusa ilipopandisha joto. Bwana Mifugo wake, Geofrey, aliyekaa naye mbele kwa miaka minane, alikuwa akimtania: "Kaka, ungempa Elieth nusu ya maneno hayo, leo ungekula ugali wa moto." Geofrey peke yake ndiye aliyeweza kusema hivyo akabaki na meno yake.

Kisha kikaja kile kilichowapata madereva wote wa serikali. Kiwanda huko Ulaya kiliacha kutengeneza aina ile ya Landrova. Habari iliingia karakana ya mkoa kama habari ya msiba, fundi mkuu Bartolomayo akasimama mlangoni na mikono yake yenye grisi, akasema, "Jamani, ndiyo basi. Hazitoki tena." Mwaka wa kwanza hawakuona tofauti. Mwaka wa tatu vipuri vikawa adimu, na wa nne vikawa vya kugombewa kwa ngumi. Gari lililala na kabureta likaamka bila kabureta. Mafundi wawili walikatana na bisibisi kwa ajili ya pampu ya maji, mmoja akapoteza jicho, na pampu yenyewe ilikuwa mbovu.

Ndipo madereva wakaanza mtindo wao. Ndani ya injini ya petroli kuna kidude cheusi, kidogo kama kidole gumba, kinaitwa rota. Kinazunguka na kugawa moto kwenye plagi. Kikitoka, stata itapiga kelele mpaka ichoke, injini haiwaki. Kila dereva aliposhuka alifunua boneti, akachomoa rota, akaitia mfukoni. Hakuna wa kuiba gari wala wa kulijaribu. Mabosi hawakuambiwa, kwa sababu bosi akijua atataka kuibeba yeye. Geofrey kwa muda wote huo alidhani dereva wake anaangalia maji.

Mwaka 1991 ikaja barua. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa kubaki na kazi yako. Wafadhili walikuwa wameleta magari mapya ya Kijapani. Landrova zote za zamani zingeuzwa mwisho wa mwezi, na madereva waliozidi wangepunguzwa. Ulimboka alikuwa na miaka arobaini na tisa, na jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha. Aliisoma barua akaikunja, akaitafuna mbele ya karani.

Siku mbili baadaye yeye na Geofrey walikwenda kwenye mnada wa ng'ombe upande wa Itiso. Jua lilikuwa la utosi. Vumbi lilipanda na harufu ya mbuzi wa kuchoma, wafugaji wamejaa na fimbo zao, ng'ombe wanalia. Ulimboka akaegesha, akachomoa rota, akaenda kula nyama. Aliporudi alikuta boneti imefunguliwa, na kijana ameinamia injini na kipande cha chaki cha kuwekea alama mkononi.

Kijana huyo aliitwa Mudrick. Alikuwa mtu wa Kondoa aliyehamia Nkuhungu, Dodoma mjini, mnunuzi wa vyuma chakavu, mcheshi, mtu wa kupenda watu. Alikuja mnadani na mdogo wake, Mbwana, kutafuta mbuzi wa harusi. Lori lililowaleta lilikuwa limeshaondoka na ng'ombe.

"Shikamoo mzee," Mudrick akasema, akitabasamu.

"Marahaba. Toa mkono humo."

"Usiwe na wasiwasi mzee wangu, naangalia mali yangu ya mwisho wa mwezi." Akagonga bodi kwa kiganja. "Hii yote ni bati jeupe. Tukiiyeyusha inatoa masufuria arobaini. Springi hizi zinatoa mapanga."

"Nimesema toa mkono."

Mudrick akacheka. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo linaloniuma ninapolisimulia. "Mzee, hata waliolizaa wamelikana. Wewe unang'ang'ania nini?"

Ulimboka akazunguka nyuma ya kiti, akatoa hendeli, ile nondo iliyopinda ya kuwashia injini kwa mkono. Akarudi nayo taratibu. Mudrick alikuwa bado anacheka pale ilipomshukia juu ya sikio.

Lilikuwa pigo moja. Sauti yake ilikuwa ya kibuyu kikipasuka. Mudrick akakaa chini kama mtu aliyechoka safari, chaki bado mkononi, kisha akalala ubavu. Damu ikamtoka sikioni, nzito, ikaingia kwenye vumbi. Hasira hasara, watu husema, na husema hivyo baada ya hasara.

"Ameua! Huyo, ameua!"

Mnada mzima uligeuka. Ulimboka akaiangusha hendeli, akakimbia. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, la pili likampasua kisogo. Fimbo ilirushwa ikamchapa kwenye visigino, akaanguka, akaamka, akakimbia akitambaa nusu ya njia. Akajitupa kwenye korongo, akajisokota chini ya kichaka cha miiba ambapo hata mbuzi asingeingia. Waliokuwa wakimfuata wakapita juu yake. Aliona nyayo zao, akasikia pumzi zao. Hawakumwona.

Kisha, kutoka mnadani, akasikia stata.

Aliijua sauti ile kama sauti ya mtoto wake. Inazunguka, inazunguka, inakata. Tena. Geofrey alikuwa anajaribu kuwasha gari. Kwa hiyo kijana alikuwa hai, maana maiti haikimbizwi hospitali. Ulimboka akatia mkono mfukoni, akaikuta rota, bado ina joto la injini au la paja lake, hakujua.

Hakutoka. Niliseme wazi: hakutoka. Hakuwa amezimia, wala hakuwa amechanganyikiwa. Alijua kila kitu. Alijua kwamba mtu anamwaga damu, na kwamba gari ni moja tu mnada mzima, na kwamba gari hilo ameliua yeye kwa vidole viwili. Lakini juu ya korongo kulikuwa na fimbo mia, na yeye aliyezoea kupiga alikuwa anatetemeka kwa hofu mpaka miiba ikamchana. Stata ikapiga, ikapungua nguvu, ikaanza kukoroma, ikabaki kugonga tu. Betri imekufa. Saa nzima ikapita.

Kilichomtoa ni sauti ya Mbwana. Kwanza ilikuwa ya matusi. Sasa ilikuwa imepasuka kwa kulia, inazunguka kando ya korongo. "Dereva! Rudi! Hatukufanyi kitu! Rudi utuwashie gari, baba yangu, nakuomba!"

Ulimboka akatoka na mikono juu.

Bila shaka walimfanya kitu. Ahadi ya Mbwana haikuwa ahadi ya watu mia. Fimbo zilimshukia kuanzia korongoni mpaka kwenye gari. Alijikinga kwa mkono wa kushoto, ukavunjika vidole vitatu. Mtu akamkanyaga mdomo. Geofrey alijirusha juu yake, naye akala zake. Katikati ya kipigo Ulimboka akapiga ukelele: "Mkiniua, hakuna mwingine wa kuliwasha!"

"Mwacheni!" Mbwana alikuwa amechomoa kisu. "Mwacheni kwanza aliwashe!"

Ulimboka akainama ndani ya boneti, akawapa mgongo, na kwa mkono wake mzima akairudisha rota mahali pake. Akashika waya huu, akagusa ule, ili ionekane kazi. "Betri imekwisha," akasema, anatema damu. "Hendeli." Hendeli ilikuwa pale pale ilipoangukia, na nywele juu yake. Mbwana akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akaizungusha mwenyewe. Mzunguko wa tatu injini ikanguruma.

"Gari la kichawi hili," mtu mmoja akasema. "Linamjua mwenyewe tu."

Wakampakia Mudrick nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mdogo wake. Ulimboka akashika usukani kwa mkono wa kulia. Kwa kuwa wa kushoto ulikuwa umekufa, akawa anaita gia na Geofrey anaingiza. "Mbili. Ishikilie, inaruka. Tatu." Kisu cha Mbwana kilikuwa kisogoni mwake, kwenye kidonda kile kile cha jiwe.

"Akikata roho," Mbwana alisema, "nakukata na wewe."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo kisu kiliingia kidogo. Damu ikamteremkia Ulimboka hadi kiunoni, akaendesha. Nyuma, Mudrick alikuwa anakoroma, kisha anakoroma kwa mbali, na kabla hawajafika Chamwino akanyamaza.

Kisu kikakandamiza. Ulimboka akasubiri. Hakupunguza mwendo, kwa maana gari likizimika halitawaka tena bila kushuka. Halafu uzito ukatoka shingoni mwake, akasikia kisu kikianguka sakafuni.

"Ni gari hili," Mbwana alisema. Alikuwa analia bila sauti. "Saa nzima tumelibembeleza. Lingewaka mara moja, kaka yangu angefika."

"Kweli, ndugu yangu," Geofrey akajibu, mkono kwenye gia. "Vipuri hakuna. Waliolitengeneza wamelitupa, na sisi bado tunapanda. Mungu atusamehe."

"Tatu," Ulimboka akaita gia. Mlango wa kujinasua ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na hakuusukuma yeye. Pigo moja la hasira, hilo lina jina lake mahakamani, na watu hufungwa wakatoka. Lakini ile saa moja ilikuwa imeshapata wa kuibeba. Gari halina mdomo, na mwisho wa mwezi lingekuwa masufuria.

"Hospitali haina kazi tena," Mbwana alisema. "Nipelekeni Nkuhungu kwa mama."

Walifika kabla ya magharibi. Mama yao, Mwanne, alikuwa uani anatwanga mtama. Aliona gari la serikali likisimama injini ikinguruma, akaona mwanawe mdogo anashuka na damu isiyo yake, akaelewa kabla hajaambiwa. Alipiga yowe moja tu. Kisha akauliza kwa sauti kavu, "Nani?"

Mbwana akaonyesha kwa kidevu. Ulimboka alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, ameegemea.

"Kwa nini hamkumwahisha hospitali?"

"Gari lilikataa kuwaka, mama. Saa nzima. Bovu."

Mwanne akaenda na mchi wake hadi mbele ya Landrova, akaipiga. Taa ikavunjika. Akaipiga boneti, bati likabonyea. Akaipiga tena, anaitukana, anamtukana aliyeitengeneza na aliyeileta, jasho na machozi vinamtiririka pamoja, majirani wamejaa ukutani na hakuna anayethubutu kumshika. Geofrey alifumba macho. Ulimboka alihesabu mapigo manne, na la tano hakuliweza.

"Mama, usilipige," akasema. "Gari lilikuwa zima."

Mchi ukasimama hewani.

"Nilikuwa na kipande chake mfukoni. Bila hicho haliwaki. Nilijificha nacho korongoni, nikawasikia wanavyohangaika, nikakaa. Niliogopa kupigwa." Midomo ilikuwa imevimba, ikabidi arudie. "Niliogopa kupigwa, nikakaa saa nzima."

Geofrey alimtazama kama mtu asiyemjua.  Injini ilikuwa bado inanguruma.

Mwanne akamgeukia mwanawe. "Saa hiyo," akasema polepole, "kaka yako alikuwa na fahamu?"

 Mbwana alitazama chini, akatazama gari, akatazama watu.

"Alikuwa nazo, mama. Alikuwa anakuita."

Mwanne akamwendea Ulimboka na mchi wake, na majirani wakaanza kushuka ukutani nyuma yake na mawe mikononi. Geofrey akapiga kelele, "Ingia ndani ya gari! Kaka, ingia uondoke, linanguruma!" Mlango ulikuwa wazi, na kiti kilikuwa hatua moja tu.

Ulimboka akaingiza mkono ndani, akazima injini.