Nchi Zote Isipokuwa Moja

Mume wangu alizaliwa Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Vita vilimkimbiza akiwa kijana. Aliishi kambini Kigoma, kisha akapata kibali cha kuishi nje ya kambi, na mimi nikamkuta Makambako, akishona nguo kwenye baraza la duka la Mwislamu mmoja aliyempa nafasi ya kuweka cherehani. Tulipooana tulihamia Njombe, Mjimwema, karibu na wazazi wangu. Baridi ya kwetu hakuizoea. Mpaka leo anashona akiwa amevaa koti.

Mama yake alibaki Uvira. Nilimfahamu kwa simu tu. Nilimfundisha salamu ya Kibena, "kamwene", akaipenda hadi akawa anamsalimia hivyo hata mwanawe.

Mama alipoanza kuugua figo, mume wangu aliomba hati ya kusafiria ya wakimbizi. Alingoja sana. Siku alipoitwa kuichukua nilimsindikiza. Afisa, mwanamke mpole, aliifungua akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja.

"Soma hapa, baba. Unaweza kwenda nchi yoyote itakayokupokea, isipokuwa Kongo. Ukirudi ulikokimbia, unaweza kupoteza ulinzi ulio nao hapa."

"Lakini mama yangu yuko huko huko."

"Najua," alisema afisa. "Pole, baba."

Tulipofika nyumbani ndipo akapata wazo: Bujumbura iko ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na Uvira. Dada yake angemleta mama kwa gari, waonane pale. Mama aliposikia alinunua kitenge kipya cha safari. Sisi tukapanda basi, mimi nikiwa na pasi niliyoikata zamani kwaya yetu ya Kilutheri ilipoalikwa Malawi.

Tulikuwa ndio kwanza tumeshuka Bujumbura wifi yangu alipopiga simu. Mama alikuwa amefariki alfajiri ile.

Mume wangu aliketi juu ya begi letu, watu wakimpita. Kisha akasema, "Nenda wewe. Pasi yako haikukatazi. Kamzike kwa niaba yangu."

"Simjui mtu kule."

"Sema wewe ni mke wangu. Watakupokea."

Nikavuka mpaka peke yangu. Wifi alinipokea kwa kilio, akaniingiza chumba alicholazwa mama. Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa na paji la uso la mume wangu, pana, na kitenge kile kipya walikuwa wamemvika. Nilipiga magoti nikamwambia "kamwene", kwa sababu sikujua neno jingine la kumwambia.

Makaburini, mlimani, wazee waliuliza nani atatupa udongo kwa niaba ya mtoto wa kwanza. Wifi alinishika mkono akanisogeza mbele. Nilitupa. Kisha nikampigia mume wangu, nikainua simu juu ili asikie nyimbo. Ziwa lilionekana lote, na Bujumbura ng'ambo. Baadaye aliniambia alikuwa amesimama ufukweni wakati huo, akiitazama milima ya Uvira asijue tuko kwenye upi.

Niliporudi alitaka kujua kila kitu.

"Alikuwa amekonda?"

"Kidogo."

"Usinifiche."

"Alikuwa amekonda sana," nikamwambia, naye akashukuru.

Tulirudi Njombe. Majirani wa Mjimwema walikuja kutupa pole, wakaleta viazi na kuni, wakakaa nasi. Wakimuuliza mume wangu msiba ulikuwaje, alikuwa akiinamisha kichwa na kunionyesha mimi kwa mkono.

"Mwulizeni mke wangu," alikuwa akisema. "Yeye ndiye aliyemzika mama."