Kitambaa cha Inveta

Mama mkwe wangu hawezi kuona chombo kimekaa uchi. Tulipofunga inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwenye pikapu yetu, nyuma ya kiti cha dereva, aliitazama mara moja tu akaingia ndani kutafuta uzi. Baada ya siku chache ikawa imevaa kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, kimeibana kila upande na kufungwa kwa utepe.

Inveta ile ilikuwa ya pumzi yangu. Nina pumu, na msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kutoka Nachingwea hadi shamba letu la Mbekenyera ni safari ya kumwomba Mungu. Tulibeba mashine yangu ya kuvuta dawa ya mvuke, nayo haifanyi kazi bila umeme. Fundi alikataa tuichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara. Alivuta nyaya nene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akatuonya kwamba injini iwe inaunguruma na feni ya inveta isizibwe kamwe.

Nilimsikia vizuri. Lakini nani amvulie mama mkwe kitambaa chake? Nilimnong'oneza mume wangu, akanijibu, "Mwache mama, ni uzi tu." Mimi nina mdomo, sokoni wananijua. Mbele ya mama yule nilipiga goti nikashukuru.

Siku moja ya kwenda shamba tulikuwa watatu garini: mimi, mume wangu na mama. Tulipoipita Ruangwa tukakuta watu wanapuliza shamba la kando ya barabara, na vumbi la njano likaingia kabla hatujapandisha vioo. Kifua kikabana. Pampu yangu ya mkononi haikufua dafu. Mume wangu akasogea hadi penye hewa safi, akasimama, akaacha injini ikiunguruma na kuniwashia mashine. Mvuke ukaja. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu inveta ilipopiga mlio mrefu, ikazima.

Mume wangu akakimbilia boneti, akashika hiki na kile. Mimi nilijua tatizo liko wapi, ila sauti sikuwa nayo. Nikanyoosha kidole. Mama akakifuata, akaigusa inveta, akaurudisha mkono haraka.

"Mama yangu, inaungua!"

Utepe ukamgomea. Akaukata kwa meno, akakirarua kitambaa chake mwenyewe, akaanza kuipepea inveta kwa khanga huku macho yake yakiwa kwenye midomo yangu. Niliogopa kufa. Nilimwona naye anaogopa, pengine kuliko mimi.

Ilipopoa, ikawaka. Dawa ikashuka kifuani taratibu na mume wangu akakaa chini kwenye nyasi, kichwa mikononi. Mama alisubiri hadi nilipoweza kusema.

"Ulijua kama kitambaa ndicho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona ukanyamaza?"

"Kazi ya mkono wako, mama. Ningekuudhi."

Akanifuta jasho usoni kwa kile kipande kilichoraruka.

"Niudhi, mwanangu. Ntanuna, hata wiki nzima ntanuna. Lakini ntamnunia mtu. Kaburi ntalinuniaje?"