Chupa Isiyo na Lebo

Leo nacheka, lakini Jumatatu ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimetoka Morogoro kusoma Brussels, na kazi yangu ni kupima virutubisho vilivyoyeyuka katika Mto Mackenzie, kaskazini mwa Kanada. Nilirudi na sampuli zangu Jumamosi nikakuta maabara imefungwa, nikazihifadhi kwenye friji ya Maman Béa, mama wa Lubumbashi, Kongo, niliyepanga kwake, jirani na barabara ya Chaussée de Wavre.

Jumatatu nikaona chupa moja haina lebo. Nikajua imebanduka tu, nikabandika nyingine. Mashine ikasoma nitrati, kimojawapo cha virutubisho hivyo, nyingi ajabu. Nikamwita profesa wangu, Mbelgiji mpole, nikaanza kumweleza kwa madaha jinsi mto ule unavyobeba rutuba nyingi baharini kuliko tulivyodhani. Akavaa miwani, akaanza kuandika.

Simu ikalia. Kwa kuwa nilikuwa na glavu, niliiweka kwenye spika.

“Bon, mutoto yangu,” akasema Maman Béa, “nilibebaka chupa yako moja yenye haikuwa na kitu, nikaweka mule mbolea ya maua. Sasa siioni mu frigo.”

Nilimtazama profesa nikitumaini hakuelewa Kiswahili. Akaweka kalamu chini, akaniambia taratibu, kwa Kiswahili kilekile cha Maman Béa, “Mimi nilikomalia kule Kongo, Kolwezi, tangu mutoto.”