Filimbi ya Mume Wangu

Mume wangu alistaafu jeshi, lakini jeshi lenyewe halijamtoka. Alirudi hapa Kinampanda na begi moja, sikio la kushoto lililozibwa na mizinga, na filimbi. Kijiji kizima kinamwita Afande, hata mchungaji. Akipuliza tatu fupi fupi, beba jembe: kuna nyumba yenye mgonjwa, shamba lake limeota majani, twende tukapalilie. Akipuliza moja ndefu mpaka pumzi ikate, kuna msiba. Watoto wa hapa wanaijua filimbi hiyo kabla hawajajua a, e, i, o, u.

Mwaka huu, mvua zimekolea, akapanda juu ya nyumba ya mjane mmoja kupigilia mabati. Nilimwambia, "Baba, kwa umri huo?" Akanijibu askari hazeeki. Haya, akaanguka. Alirudi kutoka hospitali Kiomboi na plasta kuanzia pajani hadi kisigino.

Alizeti yetu iko bondeni, watu hawapiti huko. Majani yakaanza kuimeza. Mgongo wangu huu hauwezi shamba lote peke yake, na bila alizeti mwaka mzima tungekula nini? Nikamwambia apulize filimbi. "Filimbi ni ya watu, siyo yangu," akasema. Wageni wakija kumpa pole na kuulizia shamba, anawajibu, "Tumeshapalilia, liko safi." Mimi nasonga ugali jikoni nasikia, natamani kumpiga na mwiko. Nampenda, lakini kiburi chake, jamani, we acha tu!

Asubuhi moja nilishuka bondeni nikakuta alizeti siioni, naona majani matupu. Nikalia palepale. Kisha hasira zikanipanda. Nikarudi nyumbani, yeye amelala, nikaitungua filimbi msumarini, nikatoka nayo uani. Nilikusudia tatu fupi. Lakini nilikuwa na hasira za mwezi mzima kifuani, nikashindwa kuachia. Ikatoka moja, ndefu, mpaka nikaona kizunguzungu.

Sikujua nilichofanya hadi niliposikia kilio kwa jirani. "Afande wetu! Uwiii, Afande wetu!"

Wakaja. Wanawake na kuni na unga kichwani, wanaume na majembe na sururu za kuchimbia kaburi, mchungaji na shehe wameongozana. Yule mjane wa mabati alijitupa chini mlangoni kwangu. "Ni mimi nimemuua," analia, "ni bati langu!" Nami nimesimama na filimbi mkononi.

Mlango ukafunguka. Mume wangu huyo, juu ya magongo, vifungo vya shati vimepishana.

"Amekufa nani?"

Mzee mmoja wa rika lake akajibu polepole, "Afande, tumeambiwa ni wewe."

Akanitazama. Sikuwa na pa kujificha, nikasema mbele ya watu wote, "Shamba limeota majani. Huyu anawadanganya!"

Mjane ndiye aliyeanza kucheka, machozi hayajakauka. Wakacheka wote. Kisha majembe yaliyokuja kuchimba kaburi yakateremka bondeni, na unga wa msiba tukausonga tukala hukohuko shambani. Yeye walimbeba, wakamkalisha kwenye kigoda kando ya alizeti. Nilingoja aanze kuamrisha watu. Hakutoa amri hata moja. Alikuwa anafuta macho kwa kofia yake ya zamani, akidhani simwoni.

Jioni nilipomrudishia filimbi, alinifumbatisha tena mkononi.

"Kaa nayo. Siku yangu yenyewe ikifika, puliza hivyohivyo. Watakuja."

"Nyamaza, ule," nikamwambia, nikaenda kulilia jikoni.

Mguu umepona, ingawa anachechemea. Filimbi naifunga kwenye pindo la kitenge changu, na za kazi napuliza mimi, tatu fupi. Kukiwa na msiba nampa yeye apulize, mimi siwezi. Wenzangu wakisikia ile ndefu huuliza ni nani. Mimi, Mungu anisamehe, kwanza nashukuru, maana najua siyo yeye.